NENO NA MAANA YAKE: Herufi 15 Kutoka Rungwa

Ndugu msomaji, safu hii ni ya maneno, wala si ya magonjwa. Magonjwa yana matabibu wake, nami si mmoja wao. Lakini leo nakuomba uniwie radhi, maana neno lililonifikia mezani halikuja peke yake. Lilikuja na mtu mgonjwa nyuma yake.

Huenda unakumbuka kwamba zamani kidogo niliandika hapa juu ya neno refu la Kiingereza lenye herufi 45. Niliandika kwa mzaha, ili watoto washindane kulisoma bila kuvuta pumzi. Neno lenyewe ni hili: "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis." Nilieleza kwamba lilibuniwa mwaka 1935 na Everett Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno huko Marekani, na kwamba maana yake ni ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi laini mno la mawe. Nikacheka, na nadhani nawe ulicheka, tukageuza ukurasa.

Kumbe ukurasa ule ulisafiri. Gazeti, kama ujuavyo, halifi siku ya Jumapili. Jumatatu hufungia chumvi dukani, Jumanne hufunika daftari la mwanafunzi. Nakala moja ikafika Rungwa, ikawa jalada la daftari la hesabu la binti wa darasa la saba. Kila siku alipofungua daftari alilitazama neno langu la mzaha, na sehemu zake nilizokuwa nimezipanga chini yake.

Mwezi uliopita binti huyo aliniandikia barua. Mwenzangu mmoja chumbani kwetu alipoiona bahasha alisema, "Hii ni ya Rungwe, wape watu wa Mbeya." Nikamwambia asome tena herufi ya mwisho. Rungwe ni ule mlima mrefu na wilaya ya ndizi na chai iliyoko Mbeya. Rungwa iko mkoa wa Singida, kusini kabisa, katika njia itokayo Itigi kuelekea Makongolosi na Chunya, mahali inapoungana na njia ya kutoka Tabora. Ni nchi ya Wakimbu, ya miombo na mizinga ya nyuki. Pori la akiba la Rungwa limeuzunguka upande huo, na Hifadhi ya Ruaha yenyewe ilikatwa kutoka pori hilo mwaka 1964. Herufi moja tu ndiyo inayotenganisha majina hayo mawili, na barua ngapi zimekwisha kupotea kwa herufi hiyo, Mungu ndiye ajuaye.

Barua ilikuwa fupi. "Shikamoo mwandishi. Baba yangu ni mrina asali. Anaumwa homa na kichwa, sasa ni wiki ya pili. Zahanati wamemwandikia karatasi aende hospitali kubwa lakini hataki. Ameichomeka karatasi kwenye paa. Anasema neno refu namna hiyo haliwezi kuwa la ugonjwa unaopona, na kwamba ni heri afie nyumbani kuliko kumaliza mbuzi kwa nauli. Nimelinakili neno. Lina herufi 16. Lile lako linaishia na SIS na hili la baba linaishia na SIS. Wewe ulisema lile ni ugonjwa wa mapafu. Hili la baba ni ugonjwa wa nini?"

Chini yake, kwa herufi kubwa zilizochorwa kwa uangalifu, alikuwa ameandika: ?TRYPANOSOMIASIS. Chini zaidi, namba ya simu ya mwalimu wake.

Nililihesabu neno lile mara mbili. Herufi ni 15. Ya 16 ilikuwa ni ile alama ya kuuliza iliyo mwanzoni, ambayo binti aliinakili kwa uaminifu akidhani kwamba Waingereza wana herufi ya namna hiyo. Na alama hiyo, ndugu msomaji, ndiyo iliyokuwa na maana kubwa kuliko herufi zote zilizofuata. Tabibu anapoitanguliza mbele ya jina la ugonjwa hasemi, "Una ugonjwa huu." Anasema, "Nashuku, nenda ukapimwe." Baba alikuwa ameshonewa sanda na ukoo mzima kwa sababu ya swali lililosomwa kama hukumu.

Nilimpigia simu daktari mmoja ninayemwamini, kisha jioni ile ile nikampigia mwalimu. Nitakueleza mwisho wake baadaye. Kwanza tulikate neno lenyewe, maana niliahidi kumjibu binti, na jibu lake linawafaa wengi.

Hapana Mswahili anayepaswa kuogopa neno refu. Sisi tumezaliwa na kisu cha kukatia maneno mkononi. Chukua neno "walipotutembelea." Hilo ndilo lenye herufi 16 kweli, na mtoto wa miaka mitatu hulielewa bila kutaabika: wa, ni wao, li, wakati uliopita, po, ndipo lini, tu, ni sisi, kisha tembelea. Hakuna aliyetufundisha ukataji huo. Maneno ya matabibu nayo yameungwa kwa namna inayokaribiana na hiyo, ila vipande vyake vilichukuliwa kutoka Kigiriki na Kilatini, na Waingereza wakavipokea kama vilivyo. Mwingereza wa kawaida akipewa karatasi ile naye hutoa macho tu.

Haya, tukate. "Trypanon" kwa Kigiriki ni keke, chombo cha seremala cha kutobolea mbao. "Soma" ni mwili. Mwisho "-iasis" maana yake ni hali ya kuugua, au kuingiwa na kitu kinachougua mtu. Basi "trypanosomiasis" ni ugonjwa wa kiumbe chenye mwili mfano wa keke. Jina hilo la keke lilitolewa mwaka 1843 na daktari David Gruby, mjini Paris, alipotazama damu ya chura kwa darubini akaona kijidudu kinajinyonga na kuzunguka kama keke inayoingia kwenye ubao. Chura, ndugu msomaji! Miaka zaidi ya 50 ikapita ndipo Mwingereza David Bruce, akiwa nchi ya Wazulu, alipokiona ndugu yake katika damu ya ng'ombe wenye nagana na kutambua kwamba mbung'o ndiye anayekibeba. Kimelea hicho kikaitwa kwa jina la Bruce. Baadaye aina yake moja ikajulikana kuwa ndiyo inayowapata watu wa upande huu wetu wa Afrika Mashariki.

Kwa Kiswahili tunasema malale. Herufi sita tu. Mzee wa Rungwa analijua neno malale tangu alipokuwa mtoto, na anamjua ndorobo kuliko daktari yeyote wa mjini, kwa sababu ndorobo humuuma kila anapokwenda kutazama mizinga. Lau karatasi ile ingeandikwa "?Malale", yamkini angeinuka siku ile ile. Hilo nalisema bila kumlaumu tabibu, ambaye alifanya kazi yake vizuri na mapema. Ndivyo alivyofundishwa kuandika, na mwenzake wa hospitali ndivyo atakavyosoma. Lakini karatasi hiyo hupita kwanza mikononi mwa mgonjwa, na sioni ni kitu gani kingepungua kama neno la pili lingeandikwa pembeni.

Sasa msomaji wangu wa mjini, wewe wa Kariakoo au wa Mwanjelwa, utasema, "Mimi nina ndorobo gani?" Subiri. Weka neno la Rungwa kando ya hili: "schistosomiasis." Hesabu. Nalo lina herufi 15, na tisa za mwisho ni zile zile: osomiasis. Sita za mwanzo ndizo zinazotofautiana. Hapa "schistos" ni kilichopasuka. Basi ni ugonjwa wa kiumbe chenye mwili uliopasuka, kwa sababu dume wa mnyoo huyo ana mfereji mwilini ambamo jike hukaa. Ugonjwa wenyewe ni kichocho. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwagundua minyoo hao mjini Cairo mwaka 1851, ndiyo maana wengine husema bilhazia. Watoto wetu wa Mwanza na wa Pemba wanaukojoa au kuuharisha, na mama akiandikiwa karatasi yenye neno hilo hufikiri kwamba limezuka balaa jipya, kumbe ni kichocho kile kile alichokipata kaka yake zamani akapona.

Tuendelee kidogo na familia hii ya "-iasis", maana ni kubwa na baadhi ya watoto wake wana majina mazuri. "Elephantiasis" ina herufi 13: nane za tembo na tano za ugonjwa. Ni matende, mguu kuwa kama wa tembo. "Filariasis" ni ugonjwa wenyewe wa minyoo unaoleta matende na mabusha, na jina lake limetoka katika neno la Kilatini la uzi, kwa kuwa minyoo hao ni wembamba kama uzi. "Ascariasis" imewahi kumchekesha jirani yangu aliyekuwa jeshini, akauliza kama ni ugonjwa wa askari. La, hasha. Askari wetu ametoka Uarabuni, na "askaris" wa Wagiriki ni mnyoo wa tumboni. "Leishmaniasis" haina Kigiriki mwanzoni. Ina mtu, daktari William Leishman.

Na "onchocerciasis"? Herufi 14. "Onkos" ni kulabu, "kerkos" ni mkia. Ni ugonjwa wa mnyoo unaoletwa na usubi, vile vijinzi vidogo vyeusi vya kwenye mito iendayo kasi, na mwisho wake usipotibiwa ni kuwashwa ngozi na kupofuka macho. Kwetu unajulikana Mahenge, na unajulikana Tukuyu, yaani wilaya ya Rungwe. Kwa hiyo mwenzangu aliyeichanganya bahasha hakukosea kwa herufi moja tu. Angempeleka mtu wa ndorobo kwa watu wa usubi.

Hapa sharti nikuonye, kwa sababu mkia wa neno nao hudanganya. Si kila "-iasis" ni mdudu, wala si kila moja huambukiza. "Psoriasis" imetoka katika neno la Kigiriki la kuwashwa. Ni ugonjwa wa ngozi inayotoka magamba, na hauambukizi kabisa. Nimepata kumwona dada mmoja, fundi cherehani, ambaye wapangaji wenzake walimtenga hata kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu mmoja wao aliisoma karatasi yake akaona mwisho wa neno unafanana na wa kichocho. Ukijua nusu ya neno, usimhukumu mtu kwa nusu hiyo.

Familia ya "-itis" nitaipitia haraka. Popote uionapo, mahali fulani mwilini pamevimba, pana joto na maumivu: "tonsillitis" ni mafindofindo, "meningitis" ni ngozi zinazofunika ubongo na uti wa mgongo, "gastroenteritis" ni tumbo na utumbo. Hii ya mwisho nayo ina herufi 15. Inatisha kwa macho, na mara nyingi ni kule kuharisha na kutapika kunakotaka maji ya chumvi na sukari upesi, hasa kwa mtoto.

Lakini familia moja sitaipita haraka, kwa ajili ya akina mama. Ni ile ya kukata. "-Otomy" ni kupasua. "-Ostomy" ni kufungua mdomo, yaani kuacha tundu. "-Ectomy" ni kukata na kuondoa kabisa. Tazama jinsi herufi zilivyo jirani. "Hystera" kwa Kigiriki ni mji wa mimba. Basi "hysterotomy" ni kuupasua mji wa mimba, na "hysterectomy" ni kuuondoa. Mama akiletewa karatasi ya kutia sahihi au dole gumba, na neno hili la pili limo, inampasa ajue kwamba baada ya hapo hatazaa tena. Pengine ni lazima ifanyike ili apone, na daktari ana haki ya kumshauri hivyo. Ila sahihi ni yake. Aulize neno hilo lina maana gani kwa Kiswahili, na asione haya kuuliza mara ya pili.

Na lile la herufi 45 nililolichezea? Nalo ninalitazama kwa macho mengine sasa. Ukilivua mapambo yote linabaki "silicosis", herufi tisa tu. Ni ugonjwa wa kweli, wa wachimbaji na waponda mawe wanaovuta vumbi la jiwe gumu miaka na miaka mpaka mapafu yanafanya makovu. Ukiifuata njia ya Rungwa mbele kidogo unafika machimbo ya dhahabu ya Chunya, yanayochimbwa tangu miaka ya 1920. Mimi nilikuwa nikicheka na neno, na njia ile ile iliyolipeleka gazeti langu ina watu wanaolikohoa.

Mkoa wa Singida wenyewe una historia yake katika habari hii ya ndorobo. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Shinyanga, alikufa kwa ajali ya ndege huko Singida mwaka 1938, pamoja na mtaalamu wa mimea Burtt. Kuna aina ya mbung'o iliyopewa jina lake, "Glossina swynnertoni". "Glossa" ni ulimi. Kuwa na jina lako katika ulimi wa mbung'o ni heshima ya namna yake!

Sasa turudi kwa mrina asali.

Daktari aliniambia mambo matatu, nami nikayasema kwa mwalimu kama yalivyo. La kwanza, malale ya upande wetu huu hayangoji. Huanza na homa, kichwa na viungo kuuma, pengine na uvimbe pale mdudu alipouma. Kisha kwa majuma au miezi vimelea huingia ubongoni, mtu akaanza kulala mchana na kukesha usiku, akabadilika tabia hata watu wakadhani amerogwa, na asipotibiwa hufa. La pili, dawa ipo, na akiwahi hupona. Zamani ugonjwa ukishafika ubongoni ilibidi mgonjwa adungwe melarsoprol, dawa yenye asili ya arseniki, ambayo yenyewe iliwaua baadhi ya waliodungwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika mwongozo wake wa malale ya Afrika Mashariki dawa ya vidonge iitwayo fexinidazole, inayomezwa kwa siku 10. La tatu, alama ya kuuliza.

Mwalimu, namshukuru, hakungoja kesho. Aliondoka usiku ule na tochi akaenda nyumbani kwa binti. Baadaye alinisimulia kwamba mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe ni malale. Mbona hawakusema?" Akaichomoa karatasi kwenye paa. Kesho yake alfajiri alipanda basi la Itigi, yeye na mkewe.

Kwa wale wanaosafiri njia hiyo, au wenye ndugu huko, shikeni hili: ndorobo huvutwa na nguo za buluu na nyeusi, ndiyo sababu hata mitego yake hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Tena hulifuata gari linalokwenda. Funga vioo, vaa nguo nzito za rangi ya udongo zenye mikono mirefu, na ukipata homa ndani ya majuma baada ya safari, mwambie tabibu wa mjini kwamba ulipita Rungwa. Yeye hana namna ya kujua, na atakupima malaria peke yake.

Juma lililopita ilikuja barua ya pili, safari hii kwa mkono wa utingo wa basi. Binti anasema kwamba vimelea vilionekana katika damu ya baba yake. Walimtoa maji ya uti wa mgongo, wakakuta havijafika huko. Alipewa dawa, akalala hospitali, na sasa yuko nyumbani, amekonda lakini anakula, na ameanza kuwauliza wanawe habari za mizinga. Mbuzi aliyeuzwa kwa nauli ni mmoja.

Kisha, kama nilivyotazamia, akaweka swali. Katika karatasi aliyotoka nayo hospitali kuna neno fupi ambalo hakuna aliyelijua, hata mwalimu: "afebrile." Je, nalo ni ugonjwa?

Marahaba, binti yangu. Herufi A ikitangulia namna hiyo hukanusha, kama sisi tusemavyo "hana". Kipande kinachofuata ni homa. Mwambie baba yako kwamba wameandika: hana homa.